Dada Anatafuta Pa Kufikia

Roubaix, 12 Machi 2017

Mdogo wangu Régis,

Kama barua hii imekukuta umesimama, kaa kitako kwanza, maana tangu tuzoee kutumiana kadi za Mwaka Mpya zenye mistari miwili hujapata kurasa nzima kutoka kwangu. Mimi mzima. Goti la kushoto linalalamika, na masikio ndiyo hayo, yamekwenda na hayarudi. Ndiyo maana sikupigii simu: tungebaki kupigiana kelele "Nini?" "Nini?" kama mabata. Corinne amehamia Ubelgiji na mumewe, wajukuu wanazungumza Kiholanzi mezani nami nakula supu yangu kimya. Lucien wangu ametimiza mwaka kaburini mwezi uliopita. Gari lake nimeliuza. Unajua sikuwahi kujifunza kuendesha. Kila nilipogusa usukani marehemu alishika kifua.

Sasa neno lenyewe. Nataka kuja huko kwetu mwishoni mwa Oktoba, peke yangu, wiki mbili, bila gari na bila wa kuniendesha. Corinne ananiambia, "Mama, umechanganyikiwa? Kule hata kuku wana gari!" Nikamjibu kwamba nilizaliwa kule kabla kuku hawajapata leseni. Nataka kuuona mto. Nataka kula aligot ya kweli, viazi vya kupondwa na jibini, ile inayovutika kutoka sufuriani mpaka kwenye sahani. Nataka kuweka maua kwenye kaburi la mama kwa ajili ya sikukuu ya Watakatifu Wote. Na nataka kukuona wewe. Nimeandika, sifuti.

Lakini sikiliza. Siku tuliyomzika mama, au tuseme siku mliyomzika, maana basi langu lilipofika mlikuwa mmekwisha kufukia mnakunywa kahawa, nilisema mbele ya watu kwamba sitalala tena chini ya paa lako. Imepita miaka kumi na moja. Neno ukilitema mbele ya kijiji kizima hulirudishi mdomoni. Kwa hiyo kwako La Fajolle silali. Natafuta mahali pengine pa kufikia, jirani vya kutosha ili mchana nije kwako tunywe kahawa, na jioni nirudi kwenye kitanda changu nilichokilipia.

Natafuta kambi, kama mwanajeshi. Masharti yangu ni haya: pawe na mkate asubuhi, pawe na basi au treni, na kengele ya kanisa iwe kubwa kiasi cha kusikiwa na kiziwi. Nimepata majina matatu: Montarel kwenye stesheni, Saint-Vézian kando ya mto, na Labastide penye soko. Wewe unaijua nchi. Ungekuwa mimi, mtu mmoja asiye na gari, mzigo ungeutua wapi?

Dada yako,
Josiane


La Fajolle, 8 Aprili 2017

Dada,

Nilikaa kama ulivyoamuru. Barua yako ilichukua muda kunifikia, usiulize kwa nini. Posta ya huku ni konokono mwenye baridi yabisi.

Pole kwa mwaka wa Lucien. Alikuwa mtu mwema, ingawa karata alizicheza kama watu wote wa kaskazini, yaani kwa adabu. Huku ni yaleyale. Mvua. Padri siku hizi ana makanisa ishirini na kitu, misa tunapewa kwa zamu kama maji ya kumwagilia. Nadège wa posta anakusalimu, yule binti wa Combes mwenye nywele nyekundu. Sasa ni bibi wa watu. Jirani yangu Fabre anakoroma mpaka ukuta unatetemeka. Supu ni saa kumi na mbili kamili, chumvi hakuna.

Kuhusu kambi yako, Jenerali: fikia Montarel. Najua umeshanuna. Ni pabaya, sikatai: maghala, hospitali, reli, na mkahawa unaonuka nguo zisizokauka. Lakini treni zinapita asubuhi na jioni, sikukuu na siku ya kazi, na mtu asiye na gari haoi uzuri, anaoa ratiba. Ukiwa Montarel huhitaji kumbembeleza mtu akupeleke popote. Labastide basi huenda siku ya soko tu, ukilikosa unalala na mbuzi mpaka wiki ijayo. Saint-Vézian ni pa watu wa kupiga picha.

Kuhusu maziko ya mama, padri alikuwa na maziko mengine mchana ule, kijiji kingine. Nilikwambia siku ileile. Hukunisikia, na wakati huo masikio yako yalikuwa mazima.

Mdogo wako,
Régis


Roubaix, 20 Mei 2017

Régis,

Salamu zako zimefika, na kijembe chako kimefika pia. Huku maua yamechanua hata kwenye paa za viwanda vilivyofungwa. Corinne alikuja Pasaka, akakagua friji yangu kama afisa wa afya, akaondoka. Goti limetulia. Nadège mpe busu. Mwambie mimi bado namwona ana miaka tisa, anatuibia cheri.

Niulize na mimi kitu. Huyo Fabre ametokea wapi? Kati yako na jirani wa La Fajolle kuna malisho mazima na kisima. Mtu gani anakoroma kuvuka malisho? Na wewe tangu lini unakula supu kwa saa? Mama alikuwa akikuita mara tatu na bado unakuja imepoa.

Kuhusu Montarel nimekasirika, afadhali nikwambie. Mtu anakuuliza njia ya kurudi kwenye nchi yake unampeleka maghalani! Nilikaa na barua yako nikaona unataka nishuke kwenye treni, nipumzike kwenye benchi la stesheni, kisha nipande ile inayorudi. Kama hutaki nije, sema.

Nimeandikia ofisi ya wageni, wameniletea ratiba. Kutoka Saint-Vézian kuna basi mara nne kwa siku. Mara nne, Régis! Na linasimama njia panda ya La Fajolle, pale tulipokuwa tukingojea gari la maziwa. Montarel hakuna basi hata moja linalopita kwako. Sasa nani anaoa uzuri na nani anaoa ratiba?

Niliisoma barua yako nikitafuta mstari mmoja ambao haukuwemo. Sitakwambia ni upi. Ukiutafuta utaujua, na usipoujua basi nao haukuwa na maana.

Dada yako,
Josiane


La Fajolle, 15 Julai 2017

Dada,

Mzima, kwa kadiri. Joto limeingia, nzi wameingia pamoja nalo. Ng'ombe wanaangalia kivuli kama watu wanavyoangalia televisheni. Wazee wawili wamekufa mwezi huu, huwajui. Nimechelewa kukujibu kwa sababu barua yako nayo ilichelewa, na kwa sababu nyingine.

Fabre ni habari ndefu.

Sikusema sitaki uje. Unanijua, nikiwa sitaki kitu nasema, hata mama alikuwa akilalamika. Mimi nasema kuhusu mahali tu. Kuna hoteli ndogo Montarel, mkabala na stesheni, ya Bi Delmas. Vyumba safi, na kila Alhamisi anapika utumbo wa ng'ombe wa kukufanya ulie. Kutoka pale mtu anaona treni zote zikiingia na kutoka. Unaweza kuchukua ya asubuhi uende Rodez, au kokote, ukarudi kwa chakula cha jioni. Usiku pametulia. Watu ni wazuri kuliko majengo.

Hiyo ratiba ya basi uisome mpaka chini, na maandishi madogo.

Fikiria Montarel mara ya pili. Sikuombi, nakushauri tu.

Na mimi nilitafuta mstari kwenye barua yako. Haukuwemo vilevile.

Régis


Roubaix, 14 Septemba 2017

Mdogo wangu,

Nyumbani wote wazima. Mjukuu mkubwa ameanza chuo, anataka kuwa mhandisi wa upepo, usiniulize ni kazi gani. Mvua imeanza na mimi nimefungua sanduku la safari juu ya kitanda cha Lucien, kila siku natia kitu natoa kitu.

Nimeamua. Ni Saint-Vézian. Nimechukua chumba kwa Bi mmoja anaitwa Puech, dirisha linatazama daraja, kengele ipo ng'ambo ya barabara. Corinne aliipigia simu nyumba hiyo saa sita makusudi ili niisikie. Niliisikia, nikacheka peke yangu jikoni mpaka Corinne akauliza kama nalia. Nafika Jumamosi tarehe 21 Oktoba. Bi Puech atanipokea Rodez, ana shughuli zake huko. Nitakaa mpaka Ijumaa tarehe 3 Novemba.

Jumatatu ya kwanza, tarehe 23, nitapanda basi la saa nne asubuhi nije La Fajolle. Weka maji ya kahawa. Sitaleta mabishano. Nitaleta biskuti za huku zile ulizokuwa ukizificha chini ya godoro ukiwa mdogo.

Kuhusu Montarel tusigombane tena. Nimesikia ushauri. Siyo kila ushauri hufuatwa, hasa wa mtu anayeutoa huku amekunja uso.

Kama huna la kujibu usijibu. Lakini ukitaka kuniandikia "njoo", ni neno fupi, halimalizi wino.

Dada yako,
Josiane


Montarel, 18 Oktoba 2017

Dada,

Angalia juu ya karatasi. Sijaandika La Fajolle. Mwaka huu sijaandika barua hata moja nikiwa La Fajolle, nimeandika jina lake tu.

Tangu Januari niko hapa Montarel kwenye nyumba ya wazee, ghorofa ya pili, chumba kinachotazama stesheni. Nilianguka zizini, nyonga ikavunjika, nikalala kwenye majani makavu na ng'ombe wakinitazama mpaka Nadège alipokuja na barua. Baada ya hospitali hawakunirudisha. Mtoto wa Combes amechukua ng'ombe, anakata na nyasi za uani. Barua zako Nadège anazitoa kwenye kisanduku kule, ananiletea Jumamosi akija sokoni. Fabre ni wa chumba cha pili. Supu ni saa kumi na mbili kwa sababu wahudumu wanabadilishana saa moja. Sasa unajua yote uliyoniuliza.

Barua yako ya Septemba nimeipata jana. Mguu uleule ulinirudisha hospitali, na Nadège hakutaka kuiacha mikononi mwa mtu. Ndiyo maana naandika leo, mbio, kwa mwandiko huu unaouona.

Utauliza kwa nini sikusema. Nilimwapia mama nitafia La Fajolle, kwenye kitanda chake. Wewe ulikuwepo, ukacheka ukasema, "Tutaona." Sikutaka uone. Halafu nilitaka uchague Montarel mwenyewe, kwa sababu ya treni, siyo kwa kunihurumia. Siku moja ungepita chini ya dirisha, nikuite, uangalie juu, tucheke. Nilipanga hivyo kila siku tangu Aprili. Ni upuuzi, lakini mtu akikaa dirishani siku nzima anapanga.

Nimeona aibu, Josiane. Nakwambia kama ilivyo.

Sasa jambo la haraka. Hilo basi la mara nne ni la wanafunzi. Shule zikifungwa nalo linalala, na shule zinafungwa siku ileile unayofika. Utabaki Saint-Vézian na daraja lako. Nilikuandikia usome maandishi madogo. Ningekuwa mtu mwenye akili ningekuandikia kwa makubwa.

Badilisha. Fikia kwa Bi Delmas. Mwezi wa saba nilisema nashauri, leo naomba. Njoo. Paa hili si langu, ni la serikali, kwa hiyo kiapo chako hakikuzuii.

Sijui kama barua hii itakuwahi. Nyumba ya huyo Puech sina namba yake, hukuiandika.

Mdogo wako,
Régis


La Fajolle, mlangoni kwako, 31 Oktoba 2017

Régis,

Salamu leo sina.

Naandika nimekaa kwenye ngazi yako kwa penseli ya mwokaji mikate. Ngoja nikueleze safari yangu, maana naona haikukuhusu.

Jumatatu ile nilisimama kituoni na kofia yangu na biskuti zako, nikasimama, nikasimama, mpaka Bi Puech akatoka kunitafuta. "Bi Josiane, unangoja nini?" Basi, nikamwambia. Akashika kiuno. "Basi? Lile la watoto? Mama wee, watoto wako likizo! Hata dereva wake yuko baharini." Alicheka, kisha akajitolea kunipeleka kwa gari lake. Nikakataa. Nilisema nimekuja kusafiri bila gari na nitasafiri bila gari, kichwa kama cha punda. Nilipokuwa tayari kukubali, binti yake alikuwa amekwisha kulichukua kwenda nalo Toulouse. Nikapiga simu ya teksi, Bi Puech akinisikilizia. "Ana karatasi ya daktari?" akauliza dereva. Hana, mzima. "Basi asubiri augue. Wiki hii nabeba wagonjwa tu."

Siku zote hizo nimekaa mtoni nikitazama bata. Ni pazuri, Saint-Vézian. Sijapata kuchoka na mahali pazuri namna ile.

Leo mwokaji amenihurumia, nimekaa kati ya mikate na chungu cha maua mapajani. Kijana mgeni, ameanza mzunguko Septemba. Nikamwuliza nyumba yetu, ya Cayrol. "Ile? Ile hainunui mkate, mama. Sijawahi kuona mtu." Nikajua ndiyo tabia zako.

Nimefika. Mbao za madirisha zimefungwa zote. Lakini uani nyasi zimekatwa. Kisanduku cha barua kimetolewa barua. Na kwenye kaburi la mama kuna chungu kipya cha maua, na maji bado yamo kwenye kisahani. Kwa hiyo ulikuwepo. Ulijua nakuja, ukampelekea mama maua, ukarudi ukafunga madirisha ili mimi nisimame nje.

Nimegonga mpaka vidole vimeuma. Nimekuita pia, kwa sauti. Sikwenda kumwuliza mtu. Kwanza jirani zako ni wa majira ya joto, wamefunga wameondoka. Na hata wangekuwepo, siwezi kuzunguka nikiuliza ndugu yangu yuko wapi kama mtu aliyepotelewa na mbuzi.

Maua yangu nimeyaweka kando ya yako. Mama hana kosa.

Mwokaji anapiga honi. Ijumaa naondoka. Siku ile hukuningojea kaburini, leo hukunifungulia mlango. Sitagonga tena.

Josiane


Montarel, 5 Novemba 2017

Dada,

Nadège aliniletea jana kipande chako cha karatasi. Alikikuta kisandukuni, akaniletea akiwa analia, maana alikisoma, hakikuwa na bahasha. Maua yale ni yangu, ndiyo, lakini mkono ni wake. Nilimwomba ayaweke kwa niaba yangu. Maji pia ni yeye.

Kwa hiyo barua yangu haikukuwahi. Sasa naielewa Ijumaa. Acha nikueleze Ijumaa yangu.

Tangu tarehe 21 nilikuwa nanyoa ndevu kila asubuhi. Masharubu niliyatoa zamani, wanasema ni usafi. Fabre akawa ananitania, "Bwana harusi, bibi harusi yuko treni gani?" Nikaendelea kunyoa. Kila treni ikiingia natazama miguu inayoshuka. Ijumaa, kabla ya saa sita, gari dogo likasimama mbele ya stesheni, mwanamke akakushusha na sanduku. Nilikujua hata kabla hujageuka. Unavyoburuta sanduku kama unamburuta mtu mahakamani.

Nikamwita mhudumu, Clémence, binti mweupe kama unga, nikamwambia, "Niletee koti, dada yangu amefika." Akanivisha. Akanisogeza dirishani kabisa, akalifungua. Ukaketi kwenye benchi la upande wetu. Ukatoa mkate, ukatoa kisu, ukatoa jibini. Nikapunga mkono. Ukainua uso ukatazama jengo, ukanitazama mimi. Nilipunga tena. Ukainama ukakata jibini.

Nikawaza: basi. Amesoma barua yangu yote, anajua niko hapa, amekuja mpaka chini ya dirisha, amenitazama, na ameamua kula mkate wake. Nikasema ana haki. Clémence akaniuliza, "Nimkimbilie? Treni bado, nashuka sasa hivi." Ni kuvuka barabara tu, Josiane. Nikamwambia, "Hapana. Siye. Nimefananisha." Akanivua koti.

Hilo ndilo linaloniuma. Mguu hauumi.

Nilibaki pale mpaka treni yako ilipoondoka. Nilifunga dirisha mwenyewe.

Kama umefika nyumbani barua yangu umeikuta mezani. Sasa unajua nilikuwa nyuma ya dirisha lipi. Utakalofanya sikuulizi. Nimechoka kushauri.

Mdogo wako,
Régis


Roubaix, 10 Novemba 2017

Mdogo wangu mpenzi,

Nakusalimu, na Clémence nakuomba umsalimu, na Nadège, na Fabre ingawa anakoroma. Mimi mwili mzima. Corinne amekuja juzi, amenikuta nimekaa na koti langu jikoni, akaniwekea chai.

Barua zako zote mbili ziko hapa mbele yangu. Ya kwanza ilikuwa juu ya rundo, jirani anayenimwagilia maua aliipanga vizuri pamoja na matangazo ya duka. Nimeisoma nimesimama, sanduku bado mkononi. Niliposoma "Montarel" juu yake sikuelewa, nikadhani umekwenda kutembea. Nikasoma mpaka mwisho. Tangu Jumamosi nimeshika kalamu na kuiweka. Ya pili ilipofika jana nikaona nisipoandika leo sitaandika kamwe.

Ulianguka zizini na mimi sikujua. Ulilala hospitali mara mbili na mimi huku nikikuandikia kuhusu kengele. Miezi saba ulikuwa unaniita kwa njia zote unazozijua wewe, nami nikasoma kwamba unanifukuza. Ningeuliza swali moja tu, moja la kweli, badala ya kukutania kuhusu Fabre. Nawe ungejibu moja. Tumefanana, hilo ndilo baya letu, tumetoka kwa mama mmoja na kiburi kimoja tukagawana.

Nakuja Alhamisi. Nimelipia chumba kwa Bi Delmas mpaka Krismasi, baada ya hapo tutaona. Corinne amepinga, nimemwambia mkate upo na treni zipo. Kengele hata kama hakuna sijali. Nitakuja kwako kila siku baada ya chakula cha mchana mpaka ile supu yao isiyo na chumvi. Kama unataka kuiona La Fajolle, tutamtafuta huyo mwenye teksi. Wewe una karatasi ya daktari. Kama hutaki kuiona, hatutaiona.

Kuna jambo moja nilikusudia nisikuandikie. Lakini ukinikuta nimelinyamazia tutakuwa tumeanza upya yaleyale.

Ijumaa ile nilikuona. Ulidhani sikuona, au nimekuona nikakudharau, hapana. Niliona mzee mwembamba dirishani, hana masharubu, amevaa koti kama anakwenda harusini, ananipungia mkono. Pembeni yangu palikuwa na mama mmoja mwenye kikapu. Nikamwambia, "Mtazame maskini yule, anapungia abiria asiowajua. Inaonekana hana watu wake." Yule mama akaniambia, "Si umpungie na wewe? Itampoza moyo."

Mikono yangu ilikuwa na jibini, Régis. Nikamwambia ngoja nimalize kula. Kisha treni ikaja, nikapanda.

Dada yako,
Josiane